Je, mtu anaweza kushiba huku akila kalori chache?

Mwanagenzi aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Hii ni wiki ya 5 tangu nianze kupunguza chakula ili nipunguze uzito, na nimejiwekea ukomo wa kalori 1,200 kwa siku. Uzito umeshuka kilo 3, kwa hiyo siwezi kuilaumu hesabu. Kinachonishinda ni njaa. Sisemi ile njaa ya kawaida inayobisha hodi saa za kula zinapokaribia, bali njaa ninayoamka nayo, ninayokaa nayo kikaoni hadi nashindwa kufuata kinachosemwa, na inayonirudisha jikoni saa 5 usiku, nikasimama mbele ya kabati nikidokoa karanga mkebeni bila hata kuwasha taa.

Ili nisaidiwe vizuri, naandika nilichokula jana bila kuficha kitu. Asubuhi nilikula vipande 2 vya mkate mweupe vilivyopakwa vijiko 2 vikubwa vya siagi ya karanga, nikanywa na glasi ya juisi ya machungwa. Mchana nilikula kipande kimoja cha nafaka zilizogandishwa kwa asali, vile vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kwenye karatasi, pamoja na kikopo cha mtindi wenye sukari na matunda. Usiku nilikula kikombe kimoja cha wali na kipande kidogo cha kuku wa kukaanga. Nikijumlisha napata kalori 1,195, bila zile karanga.

Nimeambiwa ninywe maji mengi, nimeambiwa nijikaze, na nimeambiwa kwamba mwili utazoea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo maana nawauliza ninyi mliowahi kulipitia jambo hili: je, ipo namna ya kula kalori chache na bado mtu akaondoka mezani ameshiba, au kila anayepunguza uzito hana budi kushinda na njaa?

Mshauri wa Lishe alijibu:

Ahsante kwa kuandika ulichokula, kwa sababu jibu limo humo humo. Nimeichukua orodha yako nikaikadiria kwa gramu badala ya kalori. Mkate ni kama gramu 60, siagi ya karanga 30 na kidogo, kipande cha nafaka 45, mtindi 150, wali 160, na kuku 80. Ukiiweka juisi kando, chakula chote ulichokula kutwa nzima kinazidi nusu kilo kwa gramu chache tu, na hakuna hata jani moja la mboga ndani yake.

Kuta za tumbo zina vipokezi vinavyohisi kutanuka, na habari hiyo hupelekwa kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi. Baadaye, chakula kinapoingia kwenye utumbo mdogo, protini na mafuta huchochea homoni zinazoongeza hisia ya shibe. Kwa hiyo shibe huanza na ujazo kisha huthibitishwa na kile kilichomo ndani ya ujazo huo, na mlo wako ni haba kwa yote mawili. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, gramu 1 ya protini au ya wanga ina kalori 4, na maji hayana kalori kabisa. Chakula chenye maji mengi na nyuzinyuzi hulijaza tumbo kwa kalori chache, ilhali chakula kikavu chenye mafuta humaliza hesabu yako kabla tumbo halijahisi chochote.

Tuchukue kifungua kinywa chako peke yake, ambacho kina kalori zipatazo 455. Kwa kalori ambazo hazifiki hapo ungeweza kula mayai 2 ya kuchemsha, gramu 200 za viazi vya kuchemsha, gramu 200 za nyanya, matango na kabichi, na chungwa moja zima. Sahani hiyo ina uzito wa zaidi ya gramu 600. Yaani mlo mmoja wa asubuhi ungekuwa mzito kuliko vyote ulivyokula jana kuanzia alfajiri hadi usiku.

Sikuvitaja viazi kwa kubahatisha. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, wakiongozwa na Susanna Holt, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori 240, wakapima walivyojisikia kwa muda wa saa 2. Mkate mweupe uliwekwa kuwa kipimo cha 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikaongoza orodha nzima. Kruasani, ule mkate wa matabaka ya siagi, ulipata 47, ukashika mkia. Waliopimwa walikuwa wachache kwa kila chakula, na saa 2 si siku nzima, hivyo nisingependa mtu azishike tarakimu hizo kama sheria. Hata hivyo mwelekeo wake uko wazi, na watu wengi wanaoacha viazi kwa sababu ya kupunguza uzito wanajinyima mojawapo ya vyakula vinavyoshibisha kuliko vyote, alimradi visizamishwe kwenye mafuta.

Kuhusu juisi, naomba uiache kuanzia kesho. Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kilichapisha mwaka 2009 utafiti ambapo watu walipewa tufaha kabla ya chakula cha mchana, wengine likiwa zima, wengine likiwa limepondwa, na wengine likiwa juisi, kwa kalori zile zile. Waliotafuna tufaha zima ndio walioshiba zaidi na kula kidogo zaidi mlo ulipofuata. Maabara hiyo hiyo, chini ya Barbara Rolls, ilikuwa imeonyesha mwaka 1999 kwamba maji yaliyopikwa ndani ya chakula yakawa supu yalipunguza kiasi ambacho watu walikula baadaye, ilhali maji yale yale yakinywewa pembeni ya chakula hicho hayakuleta tofauti hiyo. Hilo ndilo jibu langu kwa waliokuambia unywe maji tu.

Mwisho, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa makadirio yangu, orodha yako haifiki 10.

Aliyepitia Huko alijibu:

Nakubaliana na ndugu aliyenitangulia, ila nadhani ameliruka swali moja linalopaswa kutangulia mengine: nani aliyekupa hiyo 1,200? Kwa watu wazima wengi kiasi hicho ni kidogo mno, na hakuna mpangilio wa mboga utakaoufanya mwili usitambue kwamba umepunguziwa chakula kupita kiasi.

Mimi nilikaa miezi 4 kwenye kalori 1,100. Siku 6 za wiki nilikuwa mtu wa nidhamu, na kila Jumamosi jioni nilifakamia chochote kilichokuwa karibu hadi tumbo likauma, kisha Jumapili nikajichukia na kupunguza zaidi. Nilijiona sina msimamo. Nilianza kujihurumia siku niliposoma habari za jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la mwaka 1944 hadi 1945, ambapo Ancel Keys na wenzake waliwapa wanaume 36 waliojitolea chakula cha takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitembea sana kila wiki. Hao walikuwa vijana waliochaguliwa kwa afya njema ya mwili na akili. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, na kulamba sahani. Kama vijana wale walifika hapo, basi mtu anayesimama kabatini saa 5 usiku baada ya kula kalori 1,195 hana haja ya kujiuliza kuhusu utashi wake. Mwili unadai chake. Homoni ya ghrelini, inayoamsha njaa, hupanda mtu anapopungua, na leptini, inayotuliza njaa, hushuka. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya watu kupunguza uzito kwa chakula kidogo sana.

Nakushauri upandishe hadi 1,500 au zaidi kidogo, kulingana na urefu wako na shughuli zako, ukubali kupungua polepole. Ikiwa una mimba au unanyonyesha, au unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa maana dawa ile ile ikikutana na chakula kilichopungua inaweza kuishusha sukari hadi mahali pa hatari.

Jambo jingine ambalo hukulitaja ni usingizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwalaza vijana 12 wenye afya kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, kwa usiku 2 mfululizo. Ikilinganishwa na walipolala kwa muda wa saa 10, leptini yao ilikuwa chini kwa asilimia 18 na ghrelini juu kwa asilimia 28. Ukiwa jikoni saa 5 usiku, unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi?

Mpishi wa Nyumbani alijibu:

Mimi si mtaalamu, lakini napika kila siku kwa ajili ya mtu anayepunguza uzito, na kosa ninaloliona mara nyingi liko kwenye chupa ya mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Mtu akimimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja, akihesabu kwa macho, vijiko 3 hupita kabla hajainua mkono. Pima kwa kijiko. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha chai, kikianza kushika sufuria ongeza maji vijiko 2, koroga, acha yakauke, ongeza tena. Kitunguu kitakuwa laini na rangi itatoka vizuri. Kisha tia nyanya nyingi, karoti, kabichi iliyokatwa nyembamba, na maharage yaliyoiva, uache vichemke pamoja hadi mchuzi uwe mzito. Bakuli kubwa la supu hiyo likitangulia, kile kikombe cha wali kinatosha.

Naomba tu usiongeze nyuzinyuzi zote kwa siku moja. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikapika maharage na kabichi mchana na jioni, na niliyempikia alikesha tumbo likiwa limejaa gesi; alitaka kuacha kabisa. Anza na nusu bakuli, ongeza kila baada ya siku chache, na hapa ndipo maji ya kunywa yana kazi yake, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huleta choo kigumu. Na ule polepole. Huchukua kama dakika 20 hivi kwa taarifa za shibe kukamilika, na anayemaliza sahani kwa dakika 6 huongeza chakula kabla hajajua kama amekwisha kushiba.

Mwanagenzi alirudi baada ya wiki 2:

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Nimepandisha hadi 1,500 na nimebadilisha kifungua kinywa kama nilivyoelekezwa, mayai, viazi na saladi, na chungwa badala ya juisi. Siku ya kwanza nilishindwa kumaliza sahani, jambo ambalo halijanitokea kwa miezi. Kikao cha saa 4 asubuhi nimekikalia mara 3 bila kufikiria chakula. Supu nimeipika kwa mafuta ya kijiko cha chai, nayo imenipendeza. Kuhusu usingizi, nilikuwa nalala saa 6 usiku na kuamka saa 11 alfajiri. Nimesogeza kidogo tu, sasa nalala saa 5.

Uzito umeshuka nusu kilo kwa wiki hizi 2, polepole kuliko mwanzo. Kabatini nimekwenda mara 2 tu. Kinachonisumbua bado ni kuanzia saa 10 jioni, ambapo njaa inarudi kwa nguvu. Sijakiacha kile kipande cha nafaka cha mchana, kwa sababu ni rahisi kubeba na karatasi yake imeandikwa kwamba kina nyuzinyuzi nyingi. Je, tatizo laweza kuwa hapo?

Mshauri wa Lishe alijibu:

Nimefurahi kweli kusoma haya. Nusu kilo inayoshuka bila kukukosesha raha naiona ni bora kuliko kilo inayokurudisha kwenye mkebe wa karanga.

Ndiyo, tatizo liko mchana. Gramu 45 za chakula kikavu kilichogandishwa kwa sukari haziwezi kukubeba kutoka saa 7 mchana hadi usiku, hata karatasi yake iseme nini. Vyakula vilivyosindikwa sana huliwa haraka na hulaghai hesabu: mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, waliwakalisha watu wazima 20 ndani ya kituo kwa wiki 4, wiki 2 wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki 2 vyakula vya kawaida, wakiruhusiwa kula watakavyo. Milo yote iliyowekwa mezani ilisawazishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na bado walipokula vya kusindikwa walizidisha takriban kalori 500 kwa siku.

Mchana unahitaji protini na kitu cha kutafuna. Chemsha maharage au dengu mwishoni mwa wiki, changanya na nyanya, kitunguu, tango na maji ya limau, kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na juu yake yai au kipande cha samaki. Gramu 350 za mchanganyiko huo hubebeka kwenye chombo chenye mfuniko kama unavyobeba hicho kipande cha nafaka. Gawa kwenye vyombo 5. 3 viweke kwenye friji, na 2 vya mwisho viwe maharage matupu kwenye friza, uviongezee mboga usiku wa kuamkia siku ya kuvila.