Narisiti Kiingereza kidato cha nne: tamthilia mbili, riwaya mbili au mashairi?

duka_la_mjomba
Wakuu, heshima kwenu. Mwaka huu narisiti, yaani narudia mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana nauza dukani, kwa hiyo muda wangu wa msuli, yaani kusoma, ni kuanzia saa tatu usiku, na twisheni ya jioni siwezi. Kinachonitesa ni Kiingereza: lile swali la insha ya vitabu, na kile kifungu cha habari unachotakiwa kukifupisha kwa maneno yako. Mara ya kwanza nilitegemea madesa tu, yaani notisi za kukariri, nikaambulia D. Nimebakiwa na njia tatu: tamthilia (The Lion and the Jewel na Three Suitors One Husband), riwaya (Passed Like a Shadow na Unanswered Cries), au mashairi, kwa vile ni mafupi. Mlionitangulia mnasemaje?

binti_wa_pangani
Riwaya, mkuu, usijitese. Kiingereza chake chepesi. Unanswered Cries ni habari za Olabisi, binti wa miaka 14 huko Sierra Leone. Mama anataka akeketwe, baba hataki. Mimi nilikimaliza kwa siku mbili. Passed Like a Shadow majina yatakuchanganya mwanzoni, maana Adyeri, Amooti na wenzao ni majina ya heshima ya Watoro wa Uganda, ila ukishayazoea unakwenda tu. Familia inaandamwa na ukimwi. Nilisoma kitandani nikalia.

ticha_wa_zamu
Dada hapo juu hajakosea, riwaya ni nyepesi. Lakini nimefundisha somo hili kwa miaka, na naona tatizo ni hili: swali kwa kawaida linataka vitabu viwili, na hizo riwaya mbili haziongei sana zenyewe kwa zenyewe. Huku ukeketaji, kule ukimwi. Mwanafunzi anaishia kuandika "mila potofu" kurasa tatu.

Tamthilia zile mbili zinabishana zenyewe. Chukua mahari. Kwenye Three Suitors One Husband, kule Kamerun, familia ya Juliette inapokea faranga 100,000 za Ndi mkulima, halafu anakuja Mbia mtumishi wa serikali na 200,000, nazo zinapokelewa. Binti anampenda Okò, mwanafunzi asiye na kitu, na hataki kugeuzwa bidhaa. Unajua anafanyaje? Zile pesa zinaibwa, na ndizo hizohizo Okò anakuja kulipia mahari!

Sasa nenda kwa Soyinka, mwandishi wa The Lion and the Jewel. Madesa mengi niliyokutana nayo yanasema vitabu vyote viwili vinapinga mahari. Fungua kitabu chenyewe. Sidi ndiye anayeidai! Anamwambia mwalimu Lakunle alete mahari kwanza, la sivyo watu watasema hakuwa bikira. Anayeiita ushenzi ni Lakunle, kijana wa suti, na mwisho anamkosa binti. Mtahiniwa akiandika kwamba Juliette anaikataa mahari na Sidi anaitaka, akaeleza kila mmoja ana sababu gani, msahihishaji aliyechoka na insha zinazofanana anakaa vizuri kwenye kiti.

kichwa_ngumu
Ticha, mimi nilipata B kwa madesa matupu. Tamthilia sikuwahi hata kuiona jalada.

ticha_wa_zamu
Hongera, ndugu yangu. Lakini mwenzako ameshajaribu njia hiyo na imemtupa. Desa linamfaa mwenye Kiingereza chake tayari. Asiye nacho analikariri, swali likigeuzwa kidogo anamwaga kilekile alichobeba.

kichwa_ngumu
Hapo sina ubishi 😂 Nilisoma shule ya Kiingereza tangu chekechea.

fundi_simu_kkoo
Wote mmerukia insha, kifungu cha habari mmekisahau. Nilirisiti kama wewe, nikatoka D hadi C. Kila usiku kifungu kimoja kutoka pasti pepa. Nasoma mara mbili, nafunika karatasi, naandika nilichokumbuka kwa Kiingereza changu kibovu, halafu nafunua na kuhesabu maneno. Wiki za kwanza nilikuwa nanakili sentensi nzima nzima bila kujijua, maana kichwani hakukuwa na maneno mengine. Kilichonipa maneno ni kusoma kitabu, sio kamusi.

Halafu kuna kitu cha bure ambacho watu hawakigusi. Baraza la Mitihani linaweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, pamoja na picha za majibu mazuri na mabovu. Soma yale mabovu. Nilijiona mwenyewe mle, na mwandiko karibu ufanane.

binti_wa_pangani
Na orodha ya vitabu huwa inachapwa kwenye karatasi ya mtihani, usipoteze usiku kukariri tahajia za waandishi. Ila usijibu kwa kitabu ambacho hakimo. Rafiki yangu alifanya hivyo.

duka_la_mjomba
Na mashairi?

ticha_wa_zamu
Bila mwalimu? Achana nayo. Ni mafupi, lakini kila mstari una mfuko wa siri.

duka_la_mjomba
Basi naenda na tamthilia, na kifungu kimoja kila usiku kama fundi alivyosema. Dada, riwaya zako nazisogeza Desemba, nikishamaliza mtihani. Jana nilipata The Lion and the Jewel kwa wauza mitumba ya vitabu, kurasa mbili zimetoboka. Nimeanza asubuhi hii: Sidi ana ndoo ya maji kichwani, Lakunle anaing'ang'ania akitaka kumbebea. Kuna mteja kaja kutaka sukari nusu kilo, nimemkuta kasimama sijui tangu saa ngapi.

kichwa_ngumu
Ukimaliza hiyo kopi niuzie. Nataka nione nilifaulu kwa kitabu gani.