Mazoezi ya ngoma za Kirusi yamegeuka soko la samaki, hivi hapa nani anamfuata nani?

kijana_wa_mbagala
Wakuu habari za humu. Nipo Voronezh, Urusi, mwaka wa tatu sasa, na tangu Septemba nimejiunga na kikundi cha muziki na ngoma za asili za Kirusi hapa chuoni maana walikosa wanaume wa kucheza na mimi nilishachoka kukaa hosteli. Tuna shoo ya Maslenitsa, ile wiki yao ya kula chapati za maji kabla ya mfungo, zimebaki siku 12, na jana ndo mara ya kwanza wachezaji na wapiga vyombo tumekutana ukumbi mmoja. Aisee.

Nje ni minus 18, ndani radieta zinawaka mpaka unatoka jasho. Wapiga balalaika, vile vyombo vya nyuzi vya Kirusi, wameingia toka nje moja kwa moja wakafungua mabegi wakaanza kupiga, dakika 10 kila mtu yuko na sauti yake. Kuna balalaika ya besi, lile dubwana la pembetatu linalosimama chini kwa mguu wa chuma, lifti ililikataa ikabidi watu watatu tulibebe mpaka ghorofa ya 4, tumefika juu mwenyewe anakumbuka risha yake (ya kupigia nyuzi) kaisahau hosteli, na ya chombo kile ni kipande cha ngozi ngumu kama soli ya kiatu, huwezi kumwazima mwenzio tu. Mwalimu wa densi anahesabu mpaka 8, kondakta anahesabu mpaka 4, wote kwa sauti ya juu, na kwaya wao wanaendelea na ubeti wa pili hakuna aliyewaambia wasimame.

Sasa ngoma yetu inaanza polepole halafu inaongeza kasi. Mpiga bayani (kodiani ile ya vifungo) akishika moto haangalii mtu. Tumefika kwenye prisyadka, ile ya kuchuchumaa na kurusha miguu, mimi niko chini wenzangu wameshasimama, nikapoteza balansi nikamwangukia dada anayepiga vijiko vya mbao. Kijiko kimoja kikaingia nyuma ya radieta na mpaka naandika hapa kiko hukohuko.

Maswali mawili: kwenye ngoma hizi nani kiongozi? Na magoti mnayafanyaje, leo nashuka ngazi kinyumenyume.

Mzee Kichurachura
😂😂😂 yaani umepanda ndege umeenda kusoma ukaishia kuruka kichura! Hao wangekuja sekondari niliyosoma, tulikuwa tunaruka toka mstarini mpaka jikoni na hakuna aliyetupigia kodiani. Pole mdogo wangu, kijiko kitafute usije ukalipishwa.

baba_T
Mdogo wangu pole. Mimi nilikuwa Moscow miaka ya 80 mwishoni, na jirani yangu wa chumba alikuwa mpiga bayani wa kikundi cha densi kwa hiyo vurugu hizo nimezila sana. Kosa lenu mmeanzia mwisho. Wenzetu wale wakubwa, mfano kundi la Igor Moiseyev lililoanza 1937, wachezaji wanakuwa na mpiga wao wa mazoezini, mtu mmoja tu na chombo kimoja, anakaa nao muda wote anajua nani anachelewa kuinuka na wapi watu wanahema. Okestra inakuja ngoma ikishaiva. Nyie mmeleta watu 40 ukumbini siku moja halafu mnauliza nani anamfuata nani, kila mtu anamfuata aliye karibu naye, basi. Mchukueni huyo mpiga bayani peke yake siku tatu, okestra wapumzike.

Kuhusu magoti, wengi wanadhani prisyadka ni nguvu. Moiseyev mwenyewe alitokea balleti ya Bolshoi kule Moscow, ndo maana vijana wake asubuhi wanaanza kwenye bomba la ukutani kama wacheza balleti wengine, kupinda na kunyooka taratibu mpaka mapaja yapate moto. Mgongo wima, ukiinama mbele tu umekwisha. Na wewe sasa hivi shikilia kiti, usirushe mguu mpaka uweze kushuka na kupanda mara 20 bila kuyumba.

nyuzi_za_Unguja
Niongeze kwenye balalaika maana mie mtu wa nyuzi. Ile ndogo, prima, ina nyuzi tatu na mbili zimefungwa sauti moja, mara nyingi hizo mbili ni nailoni na ya tatu chuma. Sasa ikitoka kwenye baridi kuingia jotoni nailoni inakwenda kwake na chuma kwake, na mbao nazo zina habari zao. Hata sisi kanuni yetu, kile chombo cha taarabu, ukiitoa nje ukaiweka chini ya feni utakaa unaifunga mpaka watu wamalize chai. Waje mapema, vyombo vikae ndani ya mabegi yake nusu saa, ndo wafunge sauti. Bayani haibadiliki kirahisi hivyo, kwa hiyo wote wafunge kwa bayani.

sarafani_ndefu
Mimi nawatetea wapiga vyombo kidogo. Nimecheza khorovodi miaka miwili, ile duara ya wanawake, hatua ndogondogo za nusu kidole na sarafani, lile gauni refu la Kirusi, inafika chini, mtazamaji haoni mguu anaona kama tunateleza tu. Kundi la Beryozka tangu 1948 wanajulikana kwa hatua hiyo. Pale ukimlaumu bayani unajidanganya, mmoja akipiga hatua ndefu duara lote linakatika. Mwalimu wetu alizima muziki tukawa tunazunguka kimya, tunasikia viatu tu, ndo tukajuana nani anakimbia. Nilikuwa mimi 🙈

baba_T
Bi sarafani hapo sikubaliani, khorovodi inakwenda mwendo mmoja, ya huyu kijana inapanda kasi, ukizima muziki nani atawapandisha?

sarafani_ndefu
Miguu baba. Wanapigisha visigino au hawapigishi?

kijana_wa_mbagala
Asanteni wakuu. Mrejesho: leo tulikuwa wachezaji 8 na bayani peke yake, kondakta kanuna lakini kakubali. Tulimwambia jamaa aangalie miguu ya yule wa katikati asiangalie vifungo vyake, mara mbili za kwanza katukimbia tena, ya tatu tukamaliza wote tumesimama, mwalimu akapiga kofi moja tu akasema "yeshcho raz", yaani tena. Tukarudia mara 9. Kiti nimeshika baba_T, nimefika 14.

Kijiko tumekitoa kwa risha ya yule wa besi, leo alikuja nayo.