Ukoo Wetu ✈️ Safari ya Orlando

Dada Mkubwa: Jamani habari za jioni. Ratiba nimeituma tangu asubuhi, tiki za bluu kibao, aliyejibu ni Mama Mapacha peke yake

Dada Mkubwa: Narudia. Siku ya kwanza Magic Kingdom, ile bustani ya michezo ya Disney. Tunaolala hoteli za Disney tunaingia nusu saa kabla ya wengine, sasa hiyo nusu saa tusiimalize kwa kugombania bafu. Asubuhi foleni fupi, mchana jua la Florida linawaka na foleni ndo zinarefuka, hapo ndo watoto wanaanza kulia na wakubwa kununiana. Kwa hiyo saa saba wote tunarudi kulala, jioni tunarudi tena

Kitindamimba: kulala?? nivuke bahari nzima niende kulala 😂

Kitindamimba: mi nataka TRON tu, ile treni ya kasi, hayo mengine mtanihadithia

Mama Mapacha: Dada mimi wasiwasi wangu ni vipimo vya urefu wa watoto. TRON wanataka sentimita 122, Space Mountain 112. Leo nimewasimamisha wanangu ukutani bila viatu, mmoja 113 mwenzie 110. Mmoja atapita mwenzie atarudishwa mlangoni, na nawajua hawa, hapo siku imeharibika

Shemeji: mvalishe soksi pea tano

Kaka wa Pili: 🤣🤣 au tumchane nywele zisimame

Mama Mapacha: Nauliza kweli jamani

Dada Mkubwa: Tusiwaanzishie huko. Seven Dwarfs Mine Train ni sentimita 97, wanapanda wote wawili. Space Mountain tusiitaje kabisa mbele yao, Kitindamimba nakuangalia wewe

Shangazi: Na mimi naomba niulize. Safari ile, nani alikaa na mabegi?

Kaka wa Pili: Shangazi tena jamani

Shangazi: Ndiyo tena. Kutwa nzima kwenye benchi, mtoto kanilalia mapajani mpaka mguu ukafa ganzi, mabegi yenu yamenizunguka, mnakuja mmelowa mnacheka mnaniuliza maji yako wapi. Hata mmoja hakusema Shangazi na wewe nenda kapande. Ya picha sisemi

Kaka wa Pili: Si ulisema unaogopa

Shangazi: Niliogopa KIMOJA

Shemeji: ya picha ni yapi kwani

Dada Mkubwa: Shemeji tafadhali

Dada Mkubwa: Shangazi safari hii kuna utaratibu, unaitwa Rider Switch. Mnamwambia mhudumu mlangoni mna mtoto ambaye hajafikia kipimo, kundi la kwanza linapanga foleni, mmoja anabaki na mtoto, wakitoka wanabadilishana na yule aliyebaki anapitishwa njia ya haraka, hapangi ile foleni ndefu upya. Sio lazima mtu mmoja akae na watoto kutwa

Kitindamimba: nani kaona chaja yangu nyeupe

Babu: Nimesoma yote. Shangazi yenu hashiki begi la mtu. Kila nyumba ibebe vyake. Na asiwepo wa kumwambia mwenzake mbele ya watoto kwamba anatuchelewesha. Mimi na bibi yenu tutakodi kiti cha magurudumu, tutakuwa nanyi asubuhi, mchana tunapumzika. Anayetaka kubaki abaki, msiburuzane.

Mama Mapacha: Shikamoo Babu. Tumekusikia

Kaka wa Pili: Sawa Babu 🙏 Shangazi tusamehe

Shemeji: Sawa Babu

Shangazi: Asante Baba

Dada Mkubwa: Sawa Babu. Basi tugawane, wanaorudi kulala na wanaobaki. Wanaobaki mkubaliane pa kukutana, mimi nasema mbele ya kasri, na kila mtoto aandikwe namba ya simu mkononi. Nipeni majina

Kitindamimba: mi nabaki

Mama Mapacha: Sisi tunalala. Ila yule wa 110 mwenzie akiitaka Space Mountain nani anabaki naye?

Kitindamimba: niachie mimi nimpeleke Dumbo haina kipimo. ila baada ya TRON

Mama Mapacha: TRON yenyewe saa ngapi?

Mjomba: Nimeona sasa hivi nilikuwa kazini. Kwani tunaondoka lini?

Dada Mkubwa: Mjomba panda juu usome. Kaka wa Pili nyie mnalala au mnabaki? Umesoma, naona