Tupeane uzoefu: Uzito uliopungua, unauzuiaje usirudi?

Mkazi wa Kigamboni (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Nyuzi za kupunguza uzito zimejaa humu, za kuulinda ukishapungua ni za kutafuta. Na kwa maoni yangu huko ndiko wengi tunakokwama. Mtu anapungua, anasifiwa, mwaka haujaisha suruali zinambana tena. Tusimwite mvivu. Ukipungua, leptini, homoni ya shibe, inashuka, na ghrelini, ya njaa, inapanda. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2011 kwamba hali hiyo walikuta bado ipo mwaka mzima baada ya watu kupungua. Njaa hiyo ni ya kweli, inataka utaratibu.

Naanza mimi. Kila asubuhi nikitoka msalani, kabla ya chai, napanda mzani. Kilo zangu ni 78. Ikisoma 79 na nusu, wiki hiyo chapati na soda hazipo, na jioni nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Ikivuka 80, narudi kwenye mpango ule ule niliopungulia, bila kungoja mwezi mpya.

Njia hii ilipimwa Marekani na Rena Wing na wenzake, matokeo yakatoka 2006. Watu 314 waliokwisha kupungua walifuatiliwa miezi 18. Waliofundishwa ana kwa ana kujipima kila siku na kuchukua hatua kwa rangi (kijani uzito uko salama, njano umeanza kupanda, nyekundu umepanda sana), asilimia 46 hivi walirudisha kilo 2.3 au zaidi. Waliotumiwa vijarida tu, asilimia 72. Angalieni, hata kundi la kwanza karibu nusu waliteleza. Kazi ni ngumu.

Waliokaa na uzito mpya zaidi ya mwaka, semeni mnafanya nini siku za kawaida. Wauza vidonge na chai za tumbo, uzi huu mtupishe.

Mama Zai, Tanga
Asante kaka. Kwangu vita haikuwa njaa, ilikuwa maneno. "Umekonda, unaumwa? Mumeo hakupi hela ya chakula?" Wifi zangu wakawa wananijazia sahani kwa huruma.

Kilichonisaidia ni kuamua kabla sijatoka nyumbani. Nikifika kwenye shughuli, naomba nipakue mwenyewe: kachumbari kwanza, nyama, halafu pilau upawa mmoja. Akija mtu na sufuria kuniongezea, jibu lipo tayari: "Nimeshiba wifi, nifungie nibebe nyumbani." Hakuna anayekasirika, maana chakula sijakikataa. Nikienda bila kuamua, nakula mpaka najuta. Na yule mama mkwe niliyekuwa namwogopa, siku hizi ananipakulia kidogo bila kuambiwa.

Dereva wa Tunduma
Sisi wa malori mzani unaopima ni wa barabarani, unapima gari 😀. Mimi kipimo changu ni mkanda. Tundu la tatu ndiyo salama. Nikiona nalitafuta la pili, najua chipsi za usiku zimerudi.

Nimegundua zinarudi nikikosa usingizi. Nikilala masaa manne tu, kesho yake kila kibanda kinaniita. Kwa hiyo Makambako nalala kwanza, kula baadaye. Nyama choma na kabichi, ugali nusu, maji. Soda nimeiacha kabisa, hiyo sitaki hata kuionja.

Bi Mkubwa wa Mombasa
Ndugu zangu, mimi kupanda mzani kila siku kulinitia simanzi. Nikiona imepanda, siku nzima roho chini, na mwisho nakula zaidi. Sasa napima Ijumaa tu. Ramadhani ndiyo mtihani, kaimati na viazi vya karai mezani kila magharibi. Nafungua kwa tende na maji, naswali, ndipo narudi mezani. Ule mwanya wa swala unanitosha kutuliza pupa.

Mkazi wa Kigamboni
Bi Mkubwa, uko sawa kabisa. Kuna daftari la utafiti lililoanzishwa Marekani mwaka 1994, la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi. Takriban robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki, na wengi hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Kwa wiki inatosha, mradi ukiona imepanda uwe unajua utafanya nini. Kilo moja ya leo na kesho mara nyingi ni maji na chumvi.

Nesi wa zamu ya usiku
Naongeza moja muhimu. Mnaotumia dawa za presha au kisukari, mkipungua rudini kliniki dozi iangaliwe. Dozi ya zamani kwenye mwili mpya inaweza kushusha sukari au presha mpaka mtu akaanguka. Msijipunguzie wenyewe. Na aliyewahi kujitapisha au kujinyima mpaka kuugua, mzani wa kila siku si wake, azungumze na daktari kwanza.

Dereva, huo mkanda unaupima saa ngapi? Tumbo la jioni na la asubuhi ni tofauti.

Dereva wa Tunduma
Asubuhi dada, kabla sijanywa maji. Na mkanda ni ule ule, sibadilishi.