Mama ameandikiwa MRI na siti skani wiki moja, na ana chuma kwenye paja. Naombeni ushauri

BintiWaKilosa

Habari za jioni wakuu. Nimekaa na hizi karatasi tangu jana, usingizi hauji.

Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Morogoro. Ana kisukari, huu mwaka wa tisa, anameza metformini. Tangu Ramadhani mgongo unamtesa: maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka takoni hadi unyayo wa kushoto, na vidole vinakufa ganzi. Alipigwa eksirei, tukaambiwa pingili zimechakaa kidogo kwa umri ila sababu haionekani. Mkojo nao ulikuwa unamsumbua, akapimwa utrasaundi ya tumbo, wakaona kitu kwenye figo ya kulia. Sasa daktari ameandika MRI ya mgongo na siti skani ya tumbo yenye sindano ya dawa. Tunakwenda Dar, Jumanne na Alhamisi.

Picha nne ndani ya mwezi mmoja, mionzi haitamdhuru? Halafu mwaka 2016 aligongwa na bodaboda, akawekewa chuma kwenye paja. Nasikia MRI inavuta chuma hadi kinachomoka mwilini.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mama amegoma. Jirani amemwambia unaingizwa kwenye bomba kama jeneza na kufungiwa humo. Amesema bora abaki na mgongo wake. Sina cha kumjibu, maana tulikotoka hakuna aliyetueleza chochote. Tulipewa karatasi, tukaoneshwa dirisha la malipo.

MzeeWaTiba

Pole sana. Mionzi haina mchezo. Mpe maziwa fresh lita moja kila anapotoka kwenye mashine, yanasafisha mionzi yote mwilini. Sisi tumefanya hivyo miaka yote.

FundiPicha

Dada, nifuate taratibu. Nina miaka 11 chumba cha mionzi.

Mzee wangu hapo juu, nakuheshimu, lakini maziwa hayasafishi mionzi kwa sababu hakuna kilichobaki cha kusafisha. Mionzi ya eksirei inapita mwilini kama mwanga wa tochi kwenye shuka. Ukizima tochi, shuka halibaki na mwanga.

Katika picha zake nne, mbili hazina mionzi ya aina hiyo kabisa. Utrasaundi ni mawimbi ya sauti. MRI ni sumaku na mawimbi ya redio. Zenye mionzi ni eksirei na siti skani, na hizo nazo hazilingani. Eksirei ya kifua ni kama milisiveti 0.1 au chini ya hapo (milisiveti ni kipimo cha kiasi cha mionzi), ya mgongo inazidi hapo mara kadhaa. Siti skani ya tumbo huwa kama 8 hadi 10. Binadamu akikaa tu nyumbani kwake anapata kama milisiveti 2 hadi 3 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, huo ndio wastani wa dunia. Kwa hiyo siti skani si ya kupigwa kwa kujaribu, lakini mtu wa miaka 63 aliyeonekana na kitu kwenye figo ana sababu ya kutosha. Hatari ya kutokujua kile ni nini ni kubwa kuliko ya ile picha. Tena mashine za mionzi hapa nchini zinakaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, hazijiendeshi zenyewe gizani.

Kwa nini eksirei haikutosha? Eksirei inaona mfupa. Diski, yaani ule mto laini kati ya pingili na pingili, ikitokeza na kukandamiza mshipa wa fahamu haionekani humo, na maumivu yanayoshuka hadi unyayo pamoja na ganzi yananuka hilo. MRI ndiyo inayoiona diski yenyewe na mshipa wenyewe.

Sasa chuma. Vyuma vinavyowekwa mfupani mara nyingi ni titani au chuma cha pua cha aina isiyovutwa sana na sumaku, na cha mama kimeshikana na mfupa miaka mingi. Wengi wenye vyuma kama hivyo wanapimwa MRI salama. LAKINI lazima mseme kabla, wala si mlangoni. Tafuta kadi ya operesheni ya 2016 au hata eksirei ya zamani ya paja, nenda nayo. Akihisi joto pale kwenye chuma wakati wa kipimo, aseme papo hapo. Watu tunaowahofia zaidi ni wenye betri ya moyo, vifaa ndani ya sikio, klipu za mishipa ya ubongo, na mafundi wa kuchomelea waliowahi kuingiwa na chembe za chuma jichoni.

Na ile sumaku haizimwi. Hata mashine ikiwa kimya inavuta. Wewe unayemsindikiza ukiingia na funguo, simu au kadi ya benki, ni kosa lilelile.

ShangaziTanga

Mwanangu, mimi nimepita humo mwaka juzi kwa mgongo huohuo, nina miaka 58. Nakuambia yale ambayo wataalamu husahau kuyasema.

Mwandae mama nyumbani. Pini za mtandio, vibanio vya nywele, bangili, cheni, hereni, meno ya bandia, sidiria yenye vyuma, vyote vitavuliwa. Kama anavaa shanga kiunoni na uzi wake una waya, au ana hirizi yenye kifuko cha bati, azivue mwenyewe chumbani kwake, kwa heshima yake. Mimi niliambiwa nivue mbele ya kijana wa umri wa mwanangu. Mashine sikuiogopa, niliyalilia yale.

Ile kelele ni kubwa, kama fundi anagonga bati, inanyamaza, inaanza mlio mwingine. Utafikiri imeharibika, kumbe ndivyo inavyofanya kazi. Wanakuziba masikio. Mkononi unapewa kipira, ukikiminya wanakuja. Na bomba liko wazi pande zote mbili, hakuna mlango unaofungwa! Hilo mwambie kwanza kabla ya mengine.

PwaniKwetu_254

Niko Mombasa. Mimi siwezi hata lifti, na MRI ya kichwa niliimaliza, dakika thelathini na kitu. Kilichonisaidia ni kufumba macho KABLA kitanda hakijasogea, na kutofumbua hadi nitolewe. Nilisoma Yasin moyoni, nikirudia. Pia omba waongee nawe kwa spika kila baada ya picha: "Mama, hii inayofuata dakika nne." Dakika nne mtu anaweza kuzibeba. Nusu saa nzima bila kujua imebaki kiasi gani ndiyo inayomshinda mtu.

Kwa mgongo wa chini, sehemu nyingine huingiza miguu kwanza, kichwa kikabaki karibu na mdomo wa bomba. Uliza.

BintiWaKilosa

Mungu awabariki. Nimemsomea mama maneno ya shangazi, kauliza mara mbili: "Kweli hakuna mlango?" Sasa naulizia siti skani. Tumeambiwa asile kuanzia usiku, na yeye akikaa na njaa sukari inashuka anatetemeka. Na metformini ameze au aache?

NesiMstaafu

Binti, hapo kwenye metformini usifuate mtu wa mtandaoni, nikiwemo mimi. Ile dawa ya picha ina madini ya aidini na inatoka mwilini kupitia figo, ndiyo maana kabla ya sindano hupimwa damu kuangalia kreatinini, taka ya mwili inayoonesha figo zinachuja vizuri kiasi gani. Figo zikiwa nzuri, wengi huendelea na metformini kama kawaida. Zikiwa dhaifu, daktari huisimamisha kwa saa 48 baada ya sindano, kisha damu inapimwa tena. Kama hajapimwa hiyo damu, omba apimwe kabla ya Alhamisi. Usione haya kuomba.

Njaa: piga simu, sema ana kisukari, apangwe wa kwanza asubuhi. Uliza ni saa ngapi hasa za kutokula, sehemu nyingi ni nne hadi sita tu, si usiku kucha, na maji matupu mara nyingi yanaruhusiwa. Bebeni kipima sukari na glukosi.

Siti skani yenyewe haina bomba refu, ni pete kubwa, kitanda kinapita katikati, na picha zenyewe ni dakika chache. Ataambiwa avute pumzi aibane. Dawa ikiingia kwenye kanula, ule mrija mdogo unaochomekwa mshipani mkononi, atasikia joto kifuani hadi kinenani, ladha ya chuma mdomoni, na atahisi kama amejikojolea. Hajajikojolea! Mwambieni mapema, nimeona wamama wakiinuka kwa aibu na picha ikaharibika. Akihisi kuwashwa, koo kubana au kupumua kwa shida, aseme sekunde ileile. Baada ya hapo mkae palepale nusu saa, anywe maji ya kutosha.

FundiPicha

Naongeza mawili. Kulala chali na mgongo ule ni mateso, omba mto chini ya magoti na aende haja ndogo kabla. Na usimbane anayepiga picha akupe majibu. Majibu huandikwa na daktari bingwa wa radiolojia. Udai ripoti na CD, vyote viwili.

BintiWaKilosa

Ijumaa, tumerudi salama. MRI aliingizwa miguu kwanza, kipira hakukiminya hata mara moja. Kadi ya 2016 ilitusaidia sana, waliiulizia mlangoni. Ripoti imetoka: diski kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno inakandamiza mshipa. Daktari ameanza na mazoezi ya viungo na dawa, operesheni hajaitaja.

Siti skani, alipohisi lile joto alisema kwa sauti, "Ndilo hilo mliloniambia." Majibu ya figo ni Jumatatu, bado nina hofu. CD zote mbili nimezitia kwenye bahasha moja na filamu za eksirei, ziko chini ya godoro lake zisipinde.