Nina ADHD na Dar inanimaliza, wenzangu mnaishije?

Wadau habarini, nina miaka 31, nimeambiwa na daktari juzi juzi tu kuwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukazia akili kitu kimoja. Naishi Mbezi kazi iko Posta, kila asubuhi nikishapanda mwendokasi ndo nakumbuka nilichosahau, nikifika ofisini simu, WhatsApp, bosi anataka ripoti na mi hata ya jana sijaianza, na kazi yangu naipenda jamani. Nyumbani wanasema nimerogwa. Nifanyeje?

— Pole ndugu. Sio uvivu wala uchawi, dalili huwa zinaanza utotoni kabla ya miaka 12 ila wengi tunagundulika ukubwani. Mi nilianzia kliniki ya afya ya akili Muhimbili. Dawa zipo, methylphenidate mfano, ila mpaka daktari akuandikie, usimeze ya mtu.

— Mimi kilichonisaidia ni mtu kukaa pembeni yangu tu, kila mtu na kazi yake, hata kwa video ya WhatsApp, namaliza kitu ambacho wiki nzima kimenishinda. Na alamu mbili, ya kujiandaa na ya kutoka.

— Mdogo wangu anayo. Aliomba bosi amwandikie kazi badala ya kumwambia kwa mdomo, akatulia sana.

— Asanteni, nimesoma mpaka machozi yamenitoka. Jumatatu naenda Muhimbili.