Kampuni ya matembezi Kampala imetutelekeza Old Taxi Park giza likiingia, mimi na mama mzazi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa Wabongo wanaojiandaa kwenda Kampala, na zaidi kwa ninyi mnaoishi kule, maana yaliyotupata mimi na mama hayavumiliki. Tulilipa pesa yote, tena mapema, tutembezwe jiji kutwa nzima na turudishwe mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni, Namirembe. Wametushusha Old Taxi Park, stendi ya daladala katikati ya mji, saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, gari likageuza na kuondoka.

Jina la kampuni silitaji hapa. Malalamiko rasmi nayaandaa, huko litakuwepo.

Nianze na walichotuuzia. Orodha waliyonitumia ilikuwa na Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, Lubiri ya Mengo (ikulu ya Kabaka), makaburi ya Kasubi, makumbusho ya taifa na sanamu ya Uhuru. Sasa mama yangu ni mwalimu mstaafu wa historia, shule ya msingi. Amefundisha watoto wa watu habari za Kabaka Muteesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, mpaka zikamkaa kichwani kama sala: Speke kufika kwake 1862, Stanley 1875, wamisionari wakafuata, kisha mwanawe Mwanga na mambo yake. Kasubi ndipo Muteesa alipojenga kasri mwaka 1882, ndipo alipozikwa, na makabaka wengine watatu wamelala humo humo. Lile jengo kubwa la nyasi liliteketea Machi 2010, na ni 2023 tu ndipo UNESCO walipoliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mama aliposikia limesimama tena alisema, "Mwanangu, nipeleke nikiwa bado natembea." Safari nzima kutoka Morogoro ilikuwa kwa ajili ya Kasubi. Hayo mengine ilikuwa nyongeza.

Kasubi hatukufika.

Asubuhi msikitini mambo yalikwenda vizuri, na sifa nampa anayestahili: kijana wa pale msikitini, ambaye kampuni haimlipi hata senti. Mama magoti hayamruhusu kupanda mnara, nikapanda mimi. Kule juu Kampala yote inakaa chini ya macho yako, kilima baada ya kilima. Yule kijana alinionyesha kimoja kimoja: Rubaga na kanisa kuu la Wakatoliki lenye minara miwili, Namirembe ya Waanglikana yenye kuba, msikiti wa Kibuli upande mwingine, Kololo, Nakasero, Makerere. Akanieleza ujenzi ulivyoanzishwa enzi za Idi Amin ukakwama miaka mingi, hadi Gaddafi alipotoa pesa ukaisha. Tuliposhuka, bila kuombwa, akaketi na mama akamsimulia yote upya, tena akamwelekeza mahali tulipofikia: ukiwa mjini chini na msikiti uko mbele yako, Namirembe iko nyuma yake, upande wa kushoto. Hayo maneno ndiyo yaliyotuokoa jioni.

Huyo wa kampuni sasa. Tulilipa zaidi ili tupewe mwongozaji anayejua Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha haraka kinampita mama. Tukaletewa mtu anayejua "jambo" na "asante". Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na kampuni hii inakiuza kwenye tangazo lake huku haina hata mtu mmoja wa kukizungumza! Pale Lubiri alibaki garini na simu yake. Habari za jeshi la Obote kuivamia ikulu ya Kabaka mwaka 1966, na vyumba vya mateso vya enzi za Amin, tulielezwa na mwenyeji wa pale pale kwa Kiingereza, mimi nikimtafsiria mama sentensi kwa sentensi. Nililipia huduma, nikaifanya mwenyewe.

Na bei je? Tulionyesha vitambulisho vya NIDA tangu mwanzo. Hifadhi za wanyamapori za Uganda zina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje, kwa hiyo watu wa utalii kule hawawezi kusema hawajui kwamba Mtanzania hahesabiwi kama Mzungu. Wao wametuandikia dola, bei ya mgeni kutoka ng'ambo. Nilipouliza, jibu likawa "ni huduma". Huduma ipi?

Mchana mwongozaji akatangaza kwamba Kasubi haiwezekani, na makumbusho hayawezekani, eti foleni. Mnaoijua Kampala nisaidieni: Mengo na Kasubi si ziko upande mmoja wa jiji, zote divisheni ya Rubaga? Tulikuwa tayari Mengo! Foleni hiyo hiyo haikumzuia kutuvusha mji mpaka duka la vinyago la mtu anayemfahamu, tukakaa humo muda ambao ungetosha kwenda Kasubi, kuiona na kurudi. Mama hakununua kitu. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Kasubi bado ipo kwenye ratiba. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wakuu, kuliko hata pesa.

Jioni dereva akasema kupandisha Namirembe kutamchelewesha, kwa hiyo tushuke, "hapa taxi zipo nyingi". Zipo, kweli. Ni bahari ya vipanya vyeupe vyenye mstari wa bluu, makonda wanaita majina ya vitongoji kwa kasi ambayo mgeni hashiki hata moja. Tukaambiwa za Mengo, jirani na Namirembe, hazikai hapa, twende paki mpya. Paki mpya ni wapi? Mmoja anaonyesha juu, mwingine anaonyesha tulikotoka. Mitaa ya pale ina majina ya watu wakubwa, Luwum, Ben Kiwanuka, lakini ukilitaja kwa muuza duka anakutazama tu. Kule watu wanaelekezana kwa majengo ya maduka na vituo vya mafuta. Bodaboda walitaka kutubeba mshikaki, kwenye mvua, mama na magoti yake. Nilikataa na ningekataa tena.

Tulikwenda tukirudi vichochoro vya Kikuubo, katikati ya mikokoteni na maboksi, hadi kijana mmoja mbeba mizigo akanisikia nikizungumza na mama. "Mama, simu weka ndani, watanyakua." Mtu wa Arua, na watu wa kule Kiswahili wanacho. Mama akamwambia neno moja tu: msikiti. Kijana akacheka, akasema huo unaonekana, akatutoa mpaka barabara ya Namirembe, akatusindikiza hadi Bakuli, karibu na Namirembe, tukipumzika kila mama alipochoka. Mwongozaji mwenye kitambulisho shingoni alitushusha kwenye mvua, mbeba mizigo akatufikisha.

Kesho yake nikawaandikia kampuni. Walijibu kwamba "mlishushwa umbali mfupi kutoka mnakolala" na kwamba pesa hairudi. Umbali mfupi kwa nani? Kwa mama wa miaka 71, gizani, nchi ya ugenini, kilima kimesimama mbele yake?

AFCON ya 2027 imepewa Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja. Watu wetu watavuka mpaka wa Mutukula kwa mabasi, wengi wao na wazazi na watoto, na kampuni za namna hii zinawasubiri. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, bodi ya utalii ya Uganda ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni na waongozaji. Aliyewahi kupeleka lalamiko kwao aweke hapa utaratibu wote, barua iende kwa nani na iambatanishwe nini. Risiti ninazo, ratiba waliyonitumia ninayo, na namba ya gari nimeipiga picha. Pili, mwenyeji wa Kampala anayemjua mwongozaji mwaminifu wa Kasubi, anayezungumza Kiswahili, aniandikie faragha. Mama nitamrudisha kabla ya mwaka kwisha.